Kidhibiti cha Mota ya Umeme: Kukiwasha kwa Mara ya Kwanza

Chombo kiendeshwacho kwa umeme, kiwe ni baiskeli, pikipiki, bajaji au motokaa, kina viungo vikuu vitatu. Kuna betri, ambayo huhifadhi nishati. Kuna mota, ambayo huigeuza nishati hiyo kuwa mwendo. Na baina ya hivyo viwili kuna kidhibiti, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola. Betri haina hiari: hutoa mkondo wowote ambao saketi iliyo mbele yake inauruhusu. Mota nayo haina hiari. Kazi ya kupima na kugawa imeachiwa kidhibiti, nacho huifanya kwa kuwasha na kuzima transista zake maelfu ya mara katika kila sekunde, hata mota ikapata kiasi kile tu ambacho dereva amekiomba kwa mkono wake.

Katika miji ya Afrika Mashariki, hususa Kigali na Nairobi, pikipiki za umeme si ajabu tena, na zipo karakana ndogo ambazo hung'oa injini ya petroli na kufunga mota mahali pake. Vifaa hununuliwa kimoja kimoja: betri kwa huyu, mota kwa yule, kidhibiti kutoka ng'ambo pamoja na karatasi ya maelezo ambayo mara nyingi ni mchoro tu wenye rangi za nyaya. Baada ya kufungwa hufika dakika ya kuviwasha. Dakika hiyo ni ya hatari ya pekee, kwa kuwa makosa yote ya ufungaji, ambayo mpaka hapo yalikuwa yamelala, huamka kwa pamoja: waya uliogeuzwa, nati isiyokazwa, transista iliyokwisha kufa kabla ya kutoka katika boksi lake. Tena betri haimpi fundi nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Kazi yote ya kuwasha kidhibiti kipya hutawaliwa na kanuni moja. Majaribio na yapangwe hivi kwamba kila kosa lijitokeze wakati nishati iliyopo ni ndogo, isiyotosha kuunguza kifaa wala kumwumiza mtu. Yanayofuata ni maelezo ya kanuni hiyo kwa kutumia mfano wa pikipiki ya volti 72. Sehemu kubwa ya fizikia inayohitajika imo katika masomo ya sekondari.

Volti 72 ni ngapi?

Jina la betri hudanganya kidogo. Betri ya mfano huu ina seli 20 za lithiamu zilizopangwa mfululizo. Seli moja ina volti 3.7 kwa wastani, lakini ikijaa hufikia volti 4.2. Kwa hiyo betri iitwayo ya volti 72 ina volti 84 inapotoka kwenye chaji, na hesabu zote za usalama hazina budi kufanywa kwa kiasi hicho cha juu.

Kanuni Na. 100 ya Umoja wa Mataifa, ihusuyo usalama wa magari ya umeme, imeweka mpaka katika volti 60 za mkondo mnyoofu, yaani mkondo usiobadili mwelekeo. Juu ya mpaka huo umeme huhesabiwa kuwa wenye kuweza kumdhuru mtu anayeugusa, na lazima ufichwe nyuma ya vihami. Pikipiki ya mfano imeuvuka mpaka. Shule inayotaka kufanya majaribio ya namna hii ingefanya vyema kuanza na baiskeli ya volti 36, au ya volti 48 yenye seli 13, ambayo hata ikijaa haizidi volti 54.6. Hatua ni zile zile, na mafunzo ni yale yale. Motokaa za volti 400 na zaidi si za karakana ya shule kamwe.

Hata hivyo, kwa betri za namna hii mtetemo mwilini si hatari pekee, wala huenda si ya kwanza. Ukinzani wa ndani wa betri ni mdogo mno. Tuseme ukinzani wa betri pamoja na nyaya zake ni ohmu 0.05. Kwa kanuni ya Ohm, spana ikiangukia baina ya ncha chanya na ncha hasi, mkondo utakaojaribu kupita ni volti 84 kugawanywa kwa 0.05, yaani ampea 1,680. Mkondo kama huo huyeyusha chuma. Pete iliyo kidoleni ikishika mahali hapo pa spana, kidole huungua kabla mwenyewe hajauvuta mkono. Kwa sababu hiyo pete, saa na mikufu huvuliwa kabla ya betri kuguswa, mishikio ya spana huzungushiwa tepu, miwani ya kukinga macho huvaliwa, na ncha moja ya betri hufunikwa wakati ile nyingine inapofanyiwa kazi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa umeme wa nyumbani hulisahau. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu: kwa marudio 50 kwa sekunde, volteji yake hupita sifuri mara 100 katika kila sekunde. Cheche inayozuka swichi inapofunguliwa hupata nafasi 100 za kuzimika. Mkondo mnyoofu wa betri hauna sifuri. Cheche ikishazuka huweza kuendelea kuwaka baina ya ncha za swichi, ikila madini yake. Hivyo swichi ya taa ya ukutani, hata ikiwa imeandikwa volti 250, haifai kuwa swichi ya dharura ya betri ya volti 84. Na fyuzi isiyotengenezwa kwa mkondo mnyoofu inaweza kukatika bila kuukata mkondo. Maandishi yaliyo ubavuni mwa fyuzi na yasomwe kwa makini. Swichi ya dharura iwekwe mahali ambapo mkono unafika bila kulivuka gurudumu, na awepo mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine ila kuishika.

Kapasita na mkupuo wa kwanza

Ndani ya kidhibiti, karibu na pale nyaya nene za betri zinapoingia, mna kapasita kadhaa kubwa. Zimewekwa hapo kwa sababu transista huchota umeme kwa vipande vipande, na nyaya ndefu za betri haziwezi kufuata mabadiliko ya haraka kiasi hicho. Kapasita hufanya kazi ya mtungi uliowekwa jikoni: kisima kiko mbali, lakini mpishi huchota kata baada ya kata bila kungoja.

Katika mfano huu kapasita zote kwa pamoja ni mikrofaradi 2,000. Kapasita tupu, katika nukta ya kwanza ya kuunganishwa, haina tofauti na kipande cha waya. Hakuna volteji juu yake, kwa hiyo kinachozuia mkondo ni zile ohmu 0.05 peke yake, na mkondo hukupuka kuelekea ampea 1,680. Huo ndio mlio wa cheche ambao kila fundi wa vyombo hivi anaufahamu. Wengine wameuzoea hata wakauona kuwa ni kawaida. Si kawaida. Kila cheche huunguza ncha za plagi, na pahali penye kontakta badala ya plagi inaweza kuzigandisha ncha zake zikawa kitu kimoja, na kontakta iliyoganda haifunguki tena siku ya dharura.

Dawa yake ni kuzijaza kapasita polepole kupitia kikinza, au rezista kwa lugha ya karakana, kabla ya kuunganisha betri moja kwa moja. Kikinza kikiwa cha ohmu 100, mkondo wa mwanzo hauzidi ampea 0.84. Muda wa kujaza hupimwa kwa zao la ukinzani na uwezo wa kapasita: ohmu 100 mara faradi 0.002 ni sekunde 0.2. Baada ya sekunde 0.2 kapasita huwa imefikia asilimia 63 ya volteji ya betri, yaani kama volti 53. Baada ya mara tano ya muda huo, sekunde moja kamili, huwa imefikia zaidi ya volti 83. Tofauti iliyobaki haifiki volti moja, na sasa swichi kuu ikifungwa hakuna cheche.

Hapa pana jambo la kuvutia kwa darasa la fizikia. Nishati iliyomo katika kapasita iliyojaa ni nusu ya zao la uwezo wake na mraba wa volteji: nusu ya 0.002 mara 84 mara 84, karibu jouli 7.06. Chaji iliyopita ni kulombu 0.168, na kwa kuwa betri huitoa yote kwa volti 84, nishati iliyotoka ndani ya betri ni jouli 14.1. Nusu imeingia katika kapasita. Nusu nyingine imekuwa joto. Ukinzani uwe ohmu 100, uwe ohmu 10, uwe ni zile ohmu 0.05 za nyaya, joto ni jouli 7.06 zile zile. Kikinza hakipunguzi hasara hata kidogo. Kinachofanya ni kuchagua mahali pa hasara hiyo na muda wake: badala ya jouli 7 kutoka katika ncha ya plagi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hutoka katika mwili wa kikinza kwa muda wa sekunde nzima.

Kikinza kama mpelelezi

Faida kubwa zaidi ya kikinza hicho haitajwi sana, nayo ni kwamba huweza kufichua makosa. Voltimita ikiwekwa katika ncha za kidhibiti wakati wa kujaza, husimulia hali ya ndani. Volteji ikipanda hadi karibu na ile ya betri na kutulia, njia ni safi. Ikipanda hadi katikati na kukwama, kuna kitu kinachonywa mkondo ambacho hakikutarajiwa. Isipopanda kabisa, kuna shoti, au nyaya za chanya na hasi zimegeuzwa.

Kosa hilo la mwisho linastahili maelezo. Kila transista ya kidhibiti ina diodi ubavuni mwake, nayo huruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Betri ikiunganishwa sawasawa, diodi zote huwa zimefunga. Ikigeuzwa, zote hufunguka, na mkondo wa betri nzima hupita ndani yake bila kizuizi. Kidhibiti hufa kabla ya fundi kusikia chochote. Lakini kikinza kikiwepo, mkondo uliogeuzwa ni ampea 0.84 tu, na voltimita huonyesha volti moja au mbili za upande wa hasi. Fundi hukata, hurekebisha, huanza tena. Kosa lile lile, matokeo mbalimbali. Rangi ya waya si ushahidi wa ncha yake; ushahidi ni mita.

Kikinza kidogo kikiachwa katika saketi yenye shoti kitaungua, maana wati 70 zitakuwa zikigeuka kuwa joto ndani yake. Kwa majaribio ya kwanza ipo njia ya kale iliyo bora zaidi: balbu ya utambi, ya zamani, ya volti 240 na wati 100, ifungwe mfululizo na waya wa chanya wa betri. Utambi ukiwa baridi una ukinzani wa makumi machache ya ohmu, kwa hiyo kapasita hujaa kwa haraka na balbu haiwaki, au hupepesa mara moja na kuzima. Penye shoti utambi hupata moto, ukinzani wake hupanda mara nyingi, nayo balbu hutoa mwanga hafifu wa rangi ya machungwa na kuendelea kuwaka bila madhara. Balbu ni fyuzi isiyokatika na taa ya tahadhari kwa wakati mmoja. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii.

Kabla hata ya balbu, kidhibiti kikiwa hakijaunganishwa na kitu chochote, multimita iliyowekwa katika kipimo cha diodi hutoa vipimo sita: kutoka ncha hasi ya betri kwenda kila mmojawapo wa nyaya tatu za mota, na kutoka kila mmojawapo wa nyaya hizo kwenda ncha chanya. Vyote sita na vifanane, aghalabu karibu na nusu volti. Kimoja kikisoma sifuri, transista imekufa, na hakuna haja ya kuendelea.

Ni vema mwanafunzi ajue namna transista hizi zinavyokufa. Balbu ikifa hukatika. Transista ya nguvu ikifa, mara nyingi hugeuka kuwa shoti: mlango hauvunjiki ukiwa umefungwa, bali huvunjika ukiwa wazi. Katika mota za zamani zenye brashi, ambazo bado zimo katika mikokoteni ya viwandani na katika motokaa nyingi zilizogeuzwa kwa mikono, maana yake ni ya kutisha. Mlango ukibaki wazi mota hupata betri nzima, chombo kinakimbia kwa nguvu zake zote, na kuachia akselereta hakubadili lolote. Ndiyo sababu mota hizo hudai kontakta inayoweza kukata mkondo mkubwa. Katika mota zisizo na brashi za pikipiki, transista moja iliyokufa haiwezi kuizungusha mota, kwa sababu mzunguko hudai zamu ya transista zote sita. Badala yake gurudumu hushikwa kwa mikupuo kama breki. Hilo nalo linatosha kumwangusha mtu.

Gurudumu linapozunguka

Balbu ikiwa bado mahali pake, na nyaya tatu nene za mota zikiwa hazijaunganishwa, zimefunikwa kila mmoja peke yake, hufuata zamu ya vitambuzi. Mwaka 1879 mwanafizikia wa Marekani, Edwin Hall, aligundua kwamba kipitishi chenye mkondo kikiwekwa katika uga wa sumaku, volteji ndogo hutokea kukingamana na mkondo huo. Vitambuzi vilivyopewa jina lake vimo ndani ya mota, vitatu kwa idadi, na humwarifu kidhibiti mahali zilipo sumaku. Kila kimoja hujibu kwa volteji ya juu, karibu volti 5, au ya chini, karibu sifuri. Gurudumu likigeuzwa polepole kwa mkono, majibu matatu kwa pamoja hufanya mfuatano wa namna hii: 101, 100, 110, 010, 011, 001, kisha tena 101. Katika kila hatua tarakimu moja tu hubadilika. Tarakimu tatu zinaweza kupangwa kwa njia 8, lakini katika mota za kawaida, ambazo vitambuzi vyake vimeachana kwa nyuzi 120 za umeme, 000 na 111 hazitokei kamwe. Zikitokea, waya umekatika au kitambuzi kimeharibika, na kosa limepatikana bila mota kuzunguka hata mara moja.

Sasa nyaya nene huunganishwa. Gurudumu liinuliwe na fremu ishikiliwe kwa stendi imara. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya tairi. Mota iliyo ndani ya gurudumu huisukuma ekseli yake kinyume kwa nguvu ile ile inayolizungusha gurudumu, kwa hiyo vizuizi vya ekseli na vikazwe, ama sivyo ekseli itageuka na kuzisokota nyaya mpaka zikatike. Balbu huondolewa na mahali pake pawekwe fyuzi ndogo, tuseme ya ampea 10, huku kidhibiti kikipangwa katika ukomo wake wa chini kabisa wa mkondo. Kama maabara ina chanzo cha umeme chenye ukomo wa mkondo, ni bora zaidi, mradi breki ya kurudisha umeme iwe imezimwa, kwani vyanzo vingi vya maabara havivumilii kurudishiwa umeme.

Nyaya tatu za mota zaweza kuunganishwa kwa njia 6, na zile tatu za vitambuzi vilevile kwa njia 6. Jumla ni njia 36. Kati yake 6 tu ndizo sahihi, 3 za kwenda mbele na 3 za kurudi nyuma. Nyingi za zilizobaki hujifichua zenyewe: gurudumu hutetemeka au hukataa. Lakini zipo ambazo gurudumu huzunguka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Huona gurudumu likienda, hufurahi, hufunga vifuniko. Kumbe transista huwashwa kwa wakati usio wake, nguvu ya sumaku inasukuma kwa pembe mbaya, na sehemu kubwa ya mkondo inakuwa joto tu. Siku ya kwanza kupanda mlima, kidhibiti huungua. Kuzunguka si ushahidi wa usahihi. Ushahidi ni ampea: gurudumu lililo hewani, lisilobeba kitu, likizunguka kwa ulaini, halina sababu ya kudai zaidi ya ampea chache. Likidai mara kadhaa ya kiasi ambacho muunganisho mwingine unadai, au likinguruma, muunganisho si sahihi hata kama linakwenda upande unaotakiwa.

Mota zenye brashi na koili za mfululizo zinahitaji onyo la pekee. Mota hiyo isipobeba mzigo na ikapewa volteji kamili, haina kasi ya mwisho; huongeza mbio mpaka sehemu yake inayozunguka ipasuke. Hujaribiwa kwa betri ya volti 12, basi.

Akselereta huonekana kifaa kidogo, ilhali ndiyo inayobeba amri. Iliyo ya kawaida hupewa volti 5 na hurudisha takriban volti 0.8 ikiwa imeachiwa na takriban volti 4 ikivutwa hadi mwisho. Ina nyaya tatu, na ule wa hasi ukikatika, ishara huweza kupanda hadi karibu volti 5. Kidhibiti kisicho na tahadhari kitaisoma ishara hiyo kuwa amri ya kwenda kwa nguvu zote. Kwa hiyo, gurudumu likiwa bado hewani, waya huo na uchomolewe kwa makusudi: kidhibiti kizuri hukataa kufanya kazi na kutoa ishara ya hitilafu. Kisha akselereta ivutwe kwanza na kidhibiti kiwashwe baadaye. Hapo pia kinapaswa kukataa mpaka iachiwe. Breki nayo ikishikwa lazima imkate dereva amri yake. Kidhibiti kinachoshindwa katika mojawapo ya majaribio haya hakifai kubeba mtu, hata kama bei yake ilikuwa nafuu.

Ampea za betri na ampea za mota

Wanafunzi wengi, na walimu baadhi, hustaajabu kuona kwamba mkondo wa mota unaweza kuwa mkubwa kuliko ule wa betri. Hakuna ajabu. Kidhibiti hushusha volteji, na kwa kuwa nishati haizaliwi wala haipotei, kinachopungua katika volti huongezeka katika ampea. Betri ikitoa ampea 10 kwa volti 72, nguvu ni wati 720. Chombo kinapoanza kuondoka, mota inazunguka polepole na huhitaji volti chache tu, tuseme 9. Tukiacha hasara ndogo, mkondo wa mota ni 720 gawanya kwa 9, ampea 80. Fyuzi ya betri inaona 10 na kunyamaza. Haiwezi kuzilinda nyaya za mota. Kinachozilinda ni ukomo uliopangwa ndani ya kidhibiti.

Hapo ndipo nati isiyokazwa inapolipiza. Kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haikioni, kikipitiwa na ampea 100 hutoa joto la wati 100, kwani joto hufuata mraba wa mkondo. Hiyo ni nguvu ya chuma kikubwa cha kulehemu kwa risasi, imefichwa chini ya tepu. Baada ya kila safari fupi ya majaribio chombo kizimwe, kapasita zimwagwe kupitia kikinza cha ohmu 1,000, ambacho kwa sekunde 10 huwa kimemaliza kazi, mita ihakikishe, kisha kila kiungo kikaguliwe joto lake. Gurudumu lisizungushwe wakati wa ukaguzi, maana mota inayozungushwa kwa mkono ni jenereta, na kupitia zile diodi huzijaza kapasita upya.

Safari hizo huanza uwanjani, kwenye ardhi tambarare, ukomo wa mkondo ukiwa chini, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukomo hupandishwa kidogo kidogo.

Breki ya kurudisha umeme hujaribiwa mwisho kabisa, na kamwe isiwe betri ikiwa imejaa. Pikipiki pamoja na dereva wake, kilo 200 kwa jumla, ikienda mita 10 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya jouli 10,000. Breki hiyo hujaribu kuirudisha sehemu yake betrini. Betri iliyojaa haina pa kuiweka. Mfumo wake wa ulinzi hujifungia, na njia pekee iliyobaki ni zile kapasita. Kapasita za mfano zimetengenezwa kwa volti 100. Kuzipandisha kutoka volti 84 hadi 100 hutosha jouli 3 tu, chini ya sehemu moja kwa elfu tatu ya nishati iliyomo katika pikipiki. Kidhibiti hupasuka katikati ya mteremko, na dereva hupoteza breki aliyoitegemea. Betri ishushwe hadi robo tatu kwanza, breki ipangwe katika kiwango chake cha chini, na breki za kawaida ziwe zimekaguliwa kabla.

Zoezi. Baiskeli ina betri ya seli 13 na kapasita za mikrofaradi 1,000. Tafuta volteji ya betri ikijaa, nishati itakayokuwa katika kapasita, na kikinza kitakachozijaza kwa muda wa nusu sekunde, ukichukua muda huo kuwa mara tano ya zao la ukinzani na uwezo. Je, kikinza hicho kikisahauliwa katika saketi yenye shoti, kitapata joto la wati ngapi? Kisha andika mifuatano yote 8 ya tarakimu tatu za vitambuzi, na ueleze kwa mchoro kwa nini 000 na 111 haziwezi kutokea katika mota isiyo na kasoro.